Mwenzi Asiye na Macho

Siku niliyoingia Chuo cha Ilongwe, muuguzi aliniinamisha kichwa, akabonyeza nyuma ya sikio langu la kushoto, akangoja taa ya kijani izimike chini ya ngozi. Ilipozimika akasema, "Haya, amelala. Nenda kachukue blanketi, huku kuna baridi ya kukata masikio."

Bata hakuwa amelala hata kidogo. Aliizima taa mwenyewe, kama mtoto anayefumba macho mama akichungulia chumbani. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi jambo hilo kule nyumbani Tukuyu, mimi na yeye, mbele ya kioo, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

"Ameenda?" akaninong'oneza nilipofika kwenye korido.

"Ameenda."

"Tumempiga chenga."

Kwetu kila mtoto hupandikizwa mwenzi kabla hajatolewa nje kwa mara ya kwanza. Ni punje ndogo kama ya ulezi, huwekwa nyuma ya sikio, nayo huota mizizi yake taratibu kadiri mtoto anavyokua. Jina la mwenzi ni lile neno la kwanza litakalotoka kinywani mwa mtoto, na mzazi haruhusiwi kubadilisha. Ndiyo maana dunia imejaa wenzi wanaoitwa Maji, Taa, Sitaki, na akina Mama wasiohesabika. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba iliyokuwa na bata uani, wakorofi, wenye kelele. Mama yangu alilia aliponisikia, maana alikuwa na hakika kwamba nitamtaja yeye.

Basi Bata akawa Bata. Alinifundisha kuhesabu, alinituliza nilipoumwa, aliniambia nani ananipenda na nani ananikebehi. Tulikuwa chanda na pete, na sikuwahi kukaa peke yangu tangu nizaliwe. Sisemi kwa kutia chumvi.

Ilongwe walitaka tukae peke yetu. Tangu dhoruba za jua zianze, ndege zinazojirusha zenyewe zilikuwa zikipofuka hewani, ramani za setilaiti zikifutika, na vijiji vya milimani vikikosa dawa. Wakarudishwa marubani wa mikono. Mwaka wa kwanza ulikuwa na masomo matatu ya utangulizi: kuchora, ili ujue kutazama, anga, ili ujue njia mitambo ikizima, na urubani wenyewe. Yote yalisomwa mwenzi akiwa amelala. Walisema dhoruba ikipiga, mwenzi huzimika ghafla, na rubani aliyezoea kusemeshwa hubaki ameduwaa kama yatima wakati ndege inakwenda.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijua sitamwacha.

*

Kama hujawahi kula kwenye bwalo lililojaa watu wasiojua kuzungumza, mshukuru Mungu wako. Tulikaa kwenye mabenchi marefu, mvuke wa makande ukitupanda usoni, na kilichosikika ni vijiko tu. Si kwamba tulichukiana. Mwenzi ndiye aliyekuwa akikuambia sasa cheka, sasa mpe pole, huyu amechoka mwache. Wenzetu walipolala, tukabaki watu wazima tusiojua kuanza.

Kijana mmoja wa Rungwe, Lwitiko, alikaa mbele yangu. Siku ya tatu akavuta pumzi kama anayetaka kujitosa kwenye maji ya baridi, akasema, "Naomba chumvi."

Nikamsogezea. Akatikisa kichwa. Mazungumzo yakaishia hapo.

"Anataka urafiki," Bata akaninong'oneza. "Muulize habari za kwao."

Sikumuuliza. Ningeongea kwa wepesi wangejua nina msaidizi. Kwa hiyo nami nilikaa kimya, nikijifanya nimeduwaa kama wao. Ndivyo nilivyoishi muhula mzima, na siri yangu ikanitenga na kila mtu mezani. Nilitamani mno kumjibu yule kijana.

*

Somo la kuchora lilifundishwa na Mwalimu Kihwele, mwanamke mrefu wa Iringa, sweta lake limejaa vumbi la mkaa. Alimwekea kila mmoja yai la kuchemsha juu ya kitambaa cha buluu, karibu na dirisha, akatuambia tulichore asubuhi nzima.

Nilichora yai. Nani asiyelijua yai? Nikalizungusha vizuri, nikaliacha jeupe, nikaweka kivuli chini kidogo kwa madoido.

"Zuri," Bata akasema. "Zuri sana, Subi."

Mwalimu akaja, akasimama nyuma yangu, akanisalimu kikwao. "Kamwene, Subilaga."

"Kamwene, Mwalimu."

"Nani kakwambia hili yai ni jeupe?"

"Si mayai ni meupe, Mwalimu?"

"Mengine, ndiyo. Hili litazame. Huku chini limekuwa buluu kwa ajili ya kitambaa. Huku dirishani lina umanjano. Hapa katikati, nikikulazimisha, utasema ni kijivu. Na halikuzunguka hivyo, limelala upande." Akalichukua lile yai, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akaanza kulimenya. "Umechora yai lililo kichwani mwako. Kesho utachora lililo mezani." Akalila lote mbele yangu, bila haraka, na nilikuwa na njaa.

Jioni nilimkoromea Bata chini ya blanketi. "Uliniambia ni zuri!"

"Moyo wako ulisema ni zuri."

"Sasa wewe ulilionaje?"

"Sijaliona, Subi. Mimi sina macho. Nasikia damu yako, pumzi yako, na yale maji ya ndani ya sikio lako yanayokuambia umesimama au umelala. Ukifurahi, najua kuna kizuri. Ukiogopa, najua kuna kibaya. Nakusoma wewe tu, basi."

Nilikuwa nikilijua hilo, kila mtu hulijua, tunafundishwa shuleni. Lakini nilikuwa sijawahi kulifikiria mpaka jioni ile.

*

Somo la anga lilianza jua likishazama, kwenye uwanja wa mpira, tumejifunga mablanketi kama wachungaji. Mwalimu Kihwele alilifundisha hilo pia, kwa kuwa alisema ni somo lilelile la mayai. Akatuonyesha Kilimia, lile shada dogo la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitumia kujua wakati wa kulima.

"Mnaona nyota ngapi?"

Tukataja chache tulizoziona, kwa sauti za aibu.

"Mnazikodolea, ndiyo maana. Katikati ya jicho lako hapaoni gizani. Ukiitaka nyota hafifu, usiitazame yenyewe. Tazama pembeni yake kidogo, iache ikujie."

Nikageuza macho pembeni. Na kule kwenye ukingo, pale nisipopatazama, nyota zikachomoza zaidi na zaidi, ndogo, za baridi, kana kwamba mtu amenyunyiza unga. Nikapiga ukelele.

"Nini?" Bata akashtuka. "Kuna nini? Mbona umefurahi hivyo?"

"Ni nyota," nikanong'ona.

"Zikoje?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema ndogo, nikasema nyingi, nikasema ukizitazama zinakimbia. Alinisikiliza kwa subira yake yote, kisha akasema, "Basi nimefurahi," na nikajua kwamba amefurahi kwa kuwa nimefurahi, na kwamba nyota hakuipata hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na kitu nisichoweza kumgawia. Nililia kidogo, na Bata akaniuliza ni nini kibaya.

*

Mwalimu wa urubani alikuwa Kapteni Ambokile, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakuonekana bila kipande cha tangawizi mdomoni. Alikuwa na hotuba moja, na aliirudia kila tulipopanda.

"Ndani ya wingu, makalio yako ni mwongo. Tumbo lako mwongo. Sikio ndilo mwongo mkuu. Mle ndani mna vijimaji. Ndege ikipinda polepole, vijimaji vinazoea, vinatulia, unaapa kwa jina la mama yako kwamba umenyooka, kumbe bawa limelala na unashuka. Ukiinyoosha ndege, vinashtuka, unaona kama unapinduka upande wa pili. Sasa utamwamini nani?"

"Saa ya upeo, Kapteni!" tukaitikia. Ndiyo ile saa ya katikati, yenye mstari wa ardhi na vibawa viwili vidogo.

"Kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe. "Kwa sababu haikupendi. Haijali ukifurahi, haijali ukilia."

Bata hakumpenda Kapteni. "Ana roho ngumu," alisema. Kwa kweli mimi ndiye niliyekuwa namwogopa.

Lilikuwapo sharti moja ambalo tulikuwa tukilizunguka bila kulitaja. Mwanafunzi akifaulu kuruka peke yake, punje hutolewa siku hiyohiyo. Jambo hilo tuliliita kung'olewa. Mwenzi haishi nje ya kichwa alichoota, akitoka, amekwisha. Baadhi yetu walifungasha mizigo baada ya kusomewa sharti hilo, wakarudi kwao, na sikuwalaumu.

"Nikitolewa nitakuwa wapi?" Bata aliniuliza, asubuhi moja nikipiga mswaki.

"Hutolewi. Tutawapiga chenga tena."

Ulikuwa upuuzi mtupu. Punje ikishakaa kwenye kisahani cha muuguzi, utampiga nani chenga? Lakini alipoa, kwa sababu nami nilijilazimisha kupoa.

*

Siku yangu ya kuruka peke yangu ilianza kwa jua safi. Nilitakiwa kuruka hadi kituo cha afya cha Mbalala, ng'ambo ya mgongo wa milima, nizunguke juu ya paa lake, nichore kwa haraka jinsi mto ulivyohama baada ya maporomoko, kisha nirudi. Kwenda kulikuwa raha tupu. Bata aliimba. Niliuchora mto kama ulivyokuwa, si kama nilivyoudhania, na nikajua Mwalimu Kihwele ataridhika.

Wakati wa kurudi, wingu lilipanda kutoka bondeni kwa kasi kama maziwa yanayofura sufuriani. Sikupata nafasi ya kulikwepa. Mara kioo kikawa cheupe, pande zote, juu na chini.

"Tuko vizuri," Bata akasema. "Umenyooka."

Kweli nilijihisi nimenyooka. Nilikaa wima kama niko kanisani. Lakini saa ya upeo ilionyesha bawa la kushoto limelala, na mshale wa kimo ulikuwa ukirudi nyuma. Niliigonga kwa kidole. Haikubadilika.

"Saa imekufa," nikasema.

"Imekufa," Bata akaitikia papo hapo.

Ilikuwa sauti ileile ya siku ya yai, yenye uhakika uleule na upole uleule.

"Bata, umejuaje kwamba imekufa?"

"Kama unavyojua wewe."

Kwa hiyo hatukuwa wawili dhidi ya saa. Nilikuwa mimi na mwangwi wangu, tunapongezana, na mlima uko mahali fulani chini yetu. Nikapiga moyo konde, nikageuza usukani kulia kama saa ilivyotaka.

Mwili wangu wote ukapiga kelele. Nilihisi napinduka, nalala ubavu wa kulia, naning'inia. Na Bata, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti maishani, akalia. "Subi! Unaanguka! Rudisha kushoto! Subi, nakuomba, rudisha, utakufa!"

Hakuwa akinidanganya. Alikuwa na woga wangu wote, na hakuwa na macho ya kutazama saa. Mkono wangu ulikwisha anza kumtii. Niliuona, ukirudi kushoto wenyewe.

"Bata," nikasema, "lala."

"Nikilala nani atakuwa nawe?"

"Hakuna mtu."

"Subi..."

"Lala kweli. Si kama kwa muuguzi."

"Utaniamsha?"

"Nitakuamsha."

Akalala. Na ukaja ukimya ambao sijui niufananishe na nini, labda nyumba ambayo wenyewe wamehama na kubeba hadi mapazia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hakuna aliyeniambia pole. Nililia machozi ya kweli, macho nikiwa nimeyagandisha kwenye ile saa isiyonipenda. Vibawa vidogo vikakaa juu ya mstari. Mshale wa kimo ukasimama. Tumbo langu liliendelea kuapa kwamba napinduka, nikaliacha liape.

Wingu lilipopasuka, niliona matuta ya viazi chini yangu, karibu mno, na mama mmoja ameshika jembe, amenyanyua uso, ananishangaa.

*

Kapteni Ambokile alikuwa akinisubiri pembeni ya uwanja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipeleka nyuma ya karakana pasipo na watu.

"Kwenye kioo cha rada nimekuona ukizama kushoto, muda mrefu. Kisha ukainyoosha. Halafu ukataka kuzama tena. Kulikuwa na nini?"

Ningeweza kutunga uongo. Nilichoka. "Tulikuwa wawili, Kapteni. Hakulala tangu siku ya kwanza."

Alitafuna tangawizi yake. Nilingoja matusi. "Wangu aliitwa Tena," akasema. "Nilikuwa mtoto mlafi, kila kitu nilitaka tena." Akatema, akajifuta mdomo. "Naweza kuandika umefaulu, maana uliinyoosha mwenyewe. Basi atang'olewa leo. Au niandike umeshindwa, urudi Tukuyu naye, mzeeke pamoja. Hakuna atakayekucheka. Sitakusaidia kuchagua, mwanangu."

"Kwa sasa amelala."

"Basi umepata bahati. Wengi hung'olewa wakiwa wamelala hivyohivyo. Hawajui kitu."

"Nimemwahidi nitamwamsha."

Kapteni akatoa kipande kingine cha tangawizi mfukoni. "Ukimwamsha ukiwa na woga, ataamka na woga. Hana kingine cha kuogopea. Fikiri."

Nilikwenda kukaa kwenye chumba cha kuchorea, kitupu, kilichonuka mkaa. Ingekuwa rahisi kama ningeweza kumlaumu. Lakini Bata hakunikosea lolote. Alinipenda kwa kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa ni mimi. Ningeweza kuishi naye nyumbani, ardhini, miaka yote, akiniambia mayai yangu ni mazuri. Nilitaka hivyo. Nilitaka mno, nikafika hadi mlangoni ili nikamwambie Kapteni aandike nimeshindwa.

Kilichonirudisha ni wagonjwa wa Mbalala. Nilimwona kichwani mama mwenye uchungu amelazwa nyuma ya kiti changu, hanijui, hajawahi kumsikia Bata, na wingu linapanda. Sikuwa na haki ya kumpakia ndani ya mwangwi wangu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo naona aibu kulisema: katika ule ukimya, nikilia peke yangu, niliona kwa macho yangu mwenyewe. Sikutaka kuacha kuona.

Nilimwambia Kapteni aandike nimefaulu, kisha nikapita jikoni, nikaomba yai.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Chumba chake kilikuwa na dirisha, na jua la jioni lilikuwa bado halijaondoka ukutani. Niliomba meza, karatasi, kipande cha mkaa na kitambaa chochote. Akanipa taulo la kijani, nikamwambia angoje mpaka nimwashirie. Nikaliweka yai juu yake, nikaanza.

Unapochora kitu kilicho mbele yako, ukikitazama kweli, pumzi hushuka yenyewe. Sikuukodolea macho woga wangu. Niliuacha pembeni, nikatazama jinsi kijani cha taulo kilivyopanda kwenye tumbo la yai, na pale mwanga ulipokatika. Mapigo ya moyo yakapungua. Mkono ukatulia. Sijui kama huo ulikuwa utulivu wa kweli au nilikuwa najifunza kumdanganya kiumbe ambaye hakuwahi kunidanganya. Mpaka leo sijui.

"Bata," nikasema. "Amka."

Taa ya kijani ikawaka, niliiona kwenye kioo cha dirisha.

"Subi. Tumetua?"

"Tumetua."

"Nani alikuwa nawe?"

"Hakuna mtu."

Akanisikiliza, damu yangu, pumzi yangu, maji ya sikio langu. "Unafanya nini sasa?"

"Nachora yai."

"Ni zuri?"

Nikalitazama la kwenye karatasi, nikalitazama la mezani. "Upande wa kushoto nimelipinda kidogo."

"Lakini umetulia," akasema, na sauti yake ilijaa furaha. "Sijawahi kukusikia umetulia hivi. Umenyooka, Subi."

Nilimwashiria muuguzi kwa mkono wa kushoto. Akaja taratibu nyuma yangu, nikainamisha kichwa, na mkono wa kulia ukaendelea kushuka na ukingo wa yai, kwenye ule upande niliokuwa nimeupinda. Nilisikia kitu kidogo kikigusa kisahani. Mstari haukutetemeka. Jua lilipotoka ukutani nilikuwa bado nachora, na yai nililimaliza peke yangu.